Mbele ya kutia gazi mu frigo, musome plake ya nyuma

Mu manyumba mingi ya wafanyakazi wa mine, frigo si ya kuchunga chakula tu. Mama anauzishia maji ya baridi, na zile feza zinasaidia mbele mushahara ufike. Lakini gazi yenye iko ndani inabadilika, na fundi asiyejua anaweza kuchoma nyumba.

Frigo za zamani zilikuwa na R12, yenye kuharibu ozoni, ile tabaka inayotukinga na jua kali. Mapatano ya Montréal ya mwaka 1987 yalianza kuiondoa. Ikakuja R134a. Hii haiharibu ozoni, lakini inachemsha dunia: gramu 100 zikitoroka, ni sawa na kilo 143 hivi za gazi kaboniki. Njo maana mu 2016, kule Kigali, inchi zilipatana kuipunguza.

Sasa frigo mingi mupya iko na R600a. Joto yenye inaletea dunia ni kidogo sana, lakini inawaka: ni ndugu ya gazi ya kupikia.

Basi, mbele fundi aanze, musome naye plake. Kama imeandikwa R134a, musikubali atie R600a. Umeme wa ile frigo haukutengenezwa kwa gazi yenye kuwaka. Kama ni R600a, kazi ifanyike inje, mbali na mbabula, na asiwashe shalumo ku tiyo mbele ya kutosha gazi yote.

Fundi akisema “gazi yote ni moja”, mutafute mwingine.