Namba ya watu wa Kigoma, 2,470,967: ndani yake kuna nini?

Namba ya leo ni 2,470,967. Ndiyo idadi ya watu wa mkoa wetu wa Kigoma kwa sensa ya Agosti 2022, kuanzia Kakonko mpaka Uvinza, Ujiji ikiwemo. Wengi tunaisoma tu na kupita. Leo tuifungue kihesabu.

Tuseme watu wote hao wajipange ufukweni Kibirizi kwa safu zilizo sawa, asibaki hata mmoja. Safu ngapi? Mbili haiwezekani, namba inaishia na 7. Tano vilevile, maana haiishii na 0 wala 5. Tatu je? Jumlisha tarakimu: 2+4+7+0+9+6+7 = 35. Hiyo 35 haigawanyiki kwa 3, basi na namba yenyewe haigawanyiki. Ukijaribu 7, 11 na 13, kote wanabaki watu. Ukifika 17 ndo inakubali: 17 × 145,351.

Sasa 145,351 nayo ina nini? Hapo jasho linatoka. Unajaribu namba tasa moja baada ya nyingine (tasa ni ile inayogawanyika kwa 1 na kwa yenyewe tu), 19, 23, 29... mpaka 191. Jibu zima hili hapa:

2,470,967 = 17 × 191 × 761

Zote tatu ni tasa, huwezi kuzivunja zaidi.

Kuna anayesema mtu mmoja asipohesabiwa hakuna tofauti. Haya, ongeza mtoto mmoja tu: 2,470,968. Ghafla inagawanyika kwa 2, 3, 4, 6, 8, 9, mpaka 72! Mkoa una halmashauri 8, kila moja ingepata watu 308,871 kamili. Na zile 17, 191 na 761 zote zinagoma. Mtu mmoja kabadilisha kila kitu.

Sasa nyie mlioko kafe hii inawahusu nini? Kuzidisha 17 × 191 × 761 ni dakika moja kwa kalamu. Kurudi nyuma, yaani kuanza na 2,470,967 na kutafuta vigawo vyake, ni majaribio zaidi ya 40. Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman walitengeneza kufuli kwa siri hiyohiyo, linaitwa RSA. Wanachukua namba tasa mbili kubwa mno, wanazidisha, jibu wanaliweka hadharani. Anayetaka kufungua lazima azipate zile mbili. Namba moja ya tarakimu 250 ilivunjwa Februari 2020, kwa kazi ambayo kiini kimoja cha prosesa kingeifanya kwa miaka kama 2,700. Namba zinazotumika sana kwenye tovuti zina tarakimu 617. Si mchezo!

Ila kufuli hilo halimzuii jamaa anayechungulia begani kwako ukiandika neno la siri. Na ukimaliza, toka kwenye akaunti kabla hujainuka.

Kazi kwenu: Tanzania nzima mwaka 2022 tulikuwa 61,741,120. Ivunjeni kwa kalamu na karatasi. Inaishia na 0 kwa hiyo mwanzo ni mteremko, lakini mwisho mtakutana na 641. Atakayeimaliza atuwekee jibu hapo chini.