Bundi anakula panya wa mahindi yako, usimuue

Wiki iliyopita nilifika kwa kijana mmoja mwenye ekari 6 za mahindi, nikakuta bundi amekufa, kaning'inizwa kwenye mti wa uzio. "Afisa, alikuwa analia juu ya paa, mama hakulala." Upande wa pili wa shamba panya wamefukua mbegu mistari mizima, anarudishia mara ya pili. Bei ya mbegu mnaijua wenyewe.

Mimi pia nimekulia kijijini, najua bundi anavyosemwa. Ila tumtazame kibiashara. Yule mwenye uso mweupe wenye umbo la moyo chakula chake kikubwa ni panya. Anawameza wazima, kisha anatapika vidonge vya manyoya na mifupa. Okota kimoja chini ya mti anapolala, kipasue, utahesabu mafuvu mwenyewe.

Kumvuta siyo kazi. Hajengi kiota, anatafuta tundu tu. Gonga sanduku la mbao, urefu sentimita 60, upana na kimo 45, mlango wa sentimita 15, na matobo madogo chini ya kutolea maji. Lifunge mita 4 juu, mbali na taa na kelele. Halafu simika milingoti ya mita 3 katikati ya shamba, kila mmoja na kijiti cha kukatiza juu, apate pa kutua akiwinda.

Sasa sumu, hapa wengi mnaharibu. Sumu nyingi za panya madukani zinazuia damu isigande. Panya hafi palepale, anazurura siku kadhaa akiwa mlegevu, na huyo ndiye bundi anamkamata kirahisi. Anakufa naye. Ukitaka bundi, tumia mitego.

Na nisiwadanganye, bundi peke yake hamalizi panya. Panya shamba jike anabeba mimba wiki tatu hivi, na anaweza kuzaa watoto 10 au zaidi kwa mkupuo. Kwa hiyo fyekeni mipaka, ondoeni mabua, na tegeni mitego pamoja na majirani kabla ya kupanda. Ukitega peke yako, wa jirani watahamia kwako.

Yule kijana nimemwachia vipimo vya sanduku. Mama yake kakubali liwekwe, ila kule mwisho wa shamba, siyo karibu na nyumba.