Kikanda: Kitamu Chetu na Safari Zake

Wakaao Kasungami, katika komini Annexe, wakitaka cha kupamba meza ya sikukuu huenda mjini Lubumbashi, hata Soko la Mzee Laurent-Désiré Kabila. Huko vyakula vya nchi za nje havifichi asili yao: matofaa ya Afrika Kusini, sardini za kopo, unga wa mahindi uliovuka Kasumbalesa kutoka Zambia. Lakini tuangalie kimoja ambacho kila mtu hukiita cha nyumbani, yaani kikanda.

Wengi hukila pasipo kujua kilivyo. Kwa macho ni mkate wa rangi ya udongo, hukatwa vipande kama soseji. Wala si nyama, wala si nafaka. Ni viazi vidogo vya okidi, mmea wa maua uotao katika mabonde yenye majimaji. Viazi hukaushwa na kutwangwa, unga wake huchanganywa na karanga, chumvi, pilipili na magadi, ukakorogwa motoni hata ugande. Kisha makaa huwekwa juu ya kifuniko ili mkate uive pande zote. Kazi hiyo yataka mkono wenye nguvu.

Sasa, jembe lafanya nini? Mmea huwa na viazi viwili: kikuukuu, kilicholisha ua la mwaka huu, na kipya, akiba ya mwaka ujao. Mchimbaji hukitaka kile kipya. Akikichukua, mmea umekwisha. Kuulima kama muhogo si rahisi, kwa maana mbegu zake ni kama vumbi, nazo haziwezi kuota porini bila kulishwa na ukungu wa udongoni.

Zambia, ambako huitwa chikanda, walaji ni wengi mno, na mabonde mengi yamepungukiwa. Basi viazi huingia huko kutoka Tanzania, Angola, na Kongo pia: unga wao waja kwetu, viazi vyetu vyaenda kwao! Nchini Tanzania uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Tena mkataba wa mataifa uitwao CITES wataka kibali kabla ya okidi kuvuka mpaka. Lakini viazi vikavu ndani ya gunia havina ua la kumwonyesha mlinzi.

Okidi hizo huchanua wakati wa mvua. Wanafunzi wapitao mabondeni wataziona: maua mengi madogo yamepangana juu ya shina moja.