Bamba Laini Humrudishia Mpigaji Risasi

Mfanyabiashara wa miraa kule Maua mwenye bastola ya leseni akitaka kujinoa shabaha, safari ni ndefu. Uwanja unaotajwa sana na raia wenye silaha uko Kirigiti, Kiambu. Kwa hivyo si ajabu mtu akafikiria njia ya mkato: amwendee fundi wa jua kali mjini Meru au Embu, akatiwe bamba la chuma, alitundike shambani. Kwanza kuna sheria. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka awe na cheti kinachotaja hata idadi ya risasi anazoruhusiwa kuwa nazo, na shamba linalopakana na majani chai ya jirani si uwanja wa shabaha. Hayo tuwaachie wahusika. Hapa tuzungumzie chuma.

Risasi ya milimita 9, ile inayoingia kwenye bastola ya Ceska, ina uzito wa gramu 7 au 8 na hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 350 hivi kwa sekunde. Kwa kawaida ndani yake mna madini laini ya risasi, na juu ganda jembamba la shaba. Ikigonga chuma kigumu kilicho bapa, husambaratika papo hapo, na vipande vyake hutawanyika kando kwa kuambaa uso wa bamba, kama maji ya mfereji yanapogonga sinia. Ndiyo maana aliyesimama ubavuni mwa bamba yumo hatarini zaidi kuliko aliye mbele yake.

Shida huanza bamba linapobonyea. Chuma cha mageti na madirisha, ambacho fundi anacho tele, kina ugumu wa takriban 120 kwa kipimo cha Brinell. Bamba la shabaha hutakiwa kufika 500 hivi. Likiwa laini, risasi huchimba kishimo chenye kingo zilizoinuka, na risasi inayofuata ikitua humo, kingo zile huvikusanya vipande na kuvigeuza kuelekea risasi ilikotoka. Mpigaji amesimama hukohuko.

Watu wengi hudhani hatari iko kwenye ukubwa wa risasi. Sivyo. Risasi ya .45 ni nzito karibu maradufu ya ile ya milimita 9, lakini huenda polepole, mita 260 hivi kwa sekunde, na nguvu zake hazipishani sana na za mwenzake. Kasi ndiyo ya kutazamwa, kwa kuwa ikiongezeka maradufu, nguvu huongezeka mara nne. Kwa bamba gumu la bastola, mita 450 kwa sekunde ni mpaka wa kuheshimiwa, na bastola za magnum huukaribia. Risasi zenye kiini cha chuma au za kupenya vizuizi hazina nafasi hapo kabisa. Bunduki ndefu kama G3, ambayo risasi yake huzidi mita 750 kwa sekunde, haielekezwi kwenye bamba la bastola. Ikishaliachia kovu, bamba hilo liondolewe, hata kama kovu ni moja tu.

Kuna na mpaka wa chini, ambao wengi hawautarajii. Risasi ya polepole mno, chini ya mita 230 hivi kwa sekunde, huenda isivunjike. Hudunda ikiwa nzima na kurudi.

Kanuni za mashindano ya IPSC, shirikisho la kimataifa la ulengaji shabaha, zinaweka umbali wa mita 7 kuwa wa chini kabisa kwa shabaha za chuma. Watengenezaji wengi wa mabamba husema 9 au zaidi, nami nawaunga mkono. Bamba huinamishwa kidogo mbele ili vipande vielekee ardhini. Na hata fundi akilipata bamba gumu la kweli, mwali wa gesi na moto wa kuchomelea hulilainisha palepale unapogusa. Springi ya lori, anayofulia mapanga, nayo haifai: ni ngumu, lakini imepinda, na hakuna ajuaye vipande vitakwenda wapi.

Risasi inapopasuka hutoa pia vumbi la madini ya risasi, sumu ileile iliyowaumiza wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, kutokana na kiwanda cha kuyeyusha betri. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama, na watoto huathirika zaidi. Anayetoka kulenga shabaha anawe mikono na uso kabla ya kugusa chakula, na nguo zile asimbebee nazo mtoto.

Lakini kinachotangulia kuumia ni jicho, na hapa mlenga shabaha na fundi wa grainda ni ndugu. Kipande kidogo kuliko punje ya wimbi chaweza kutoboa jicho kukawa na maumivu kidogo tu, mtu akaendelea na kazi. Kikiwa cha chuma na kikabaki ndani, kutu yake huua uoni taratibu. Miwani ya kawaida ya jua haitoshi; inatakiwa ya usalama, inayofunika na pembeni, na kila aliyepo aivae, watazamaji pia.

Kipande kikiingia jichoni, usilisugue jicho, wala usimruhusu mtu akitoe kipande kwa ncha ya leso, kama ilivyo desturi kwenye vibanda vingi. Usilikamue, usilitie dawa ya macho iliyobaki nyumbani. Lifunike kwa kikombe safi cha plastiki kisichogusa mboni, ukibandike kwa plasta, uende hospitali ya rufaa ya Meru au ya Embu siku hiyohiyo. Ukifika, taja mapema kwamba kilichokupiga ni chuma, maana picha ya eksirei au CT itakionyesha, ilhali sumaku ya mashine ya MRI yaweza kukisogeza humo jichoni.