Goti na Mstari wa Mguu

Umepata kutazama chukudu ikishuka njia ya Sake na mzigo wa viazi? Gurudumu lake likisimama wima, mpira huliwa sawasawa. Likiinama, mpira huliwa upande mmoja, na baada ya siku chache ubao wenyewe hugusa mawe. Goti lako ni vivyo hivyo.

Uzito wa mwili hushuka kutoka nyonga, hupita katikati ya goti, hufika kwenye kifundo cha mguu. Mstari huo ukipinda, upande mmoja wa goti hubeba mzigo wa pande mbili. Gegedu laini linalofunika ncha za mifupa huisha, na maumivu huanza.

Goti lililokwisha kabisa huweza kubadilishwa kwa operesheni. Mganga hukata ncha za mifupa zilizoharibika, huzivika chuma, na katikati huweka plastiki ngumu. Hapo pia mstari ni kitu kikubwa. Kwa miaka mingi waganga wamejitahidi wasiuache mstari mnyofu kwa zaidi ya digrii 3. Chuma kikiwekwa kwa kupinda sana, plastiki huliwa upande mmoja, chuma hulegea, na mgonjwa huenda akapasuliwa tena. Uchunguzi wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba kupinda kidogo hakuharibu kila goti. Nguvu za misuli na kano zinazolishika goti zina kazi pia.

Kwetu Masisi na Walikale, mstari huo huweza kupotea kwa risasi au kwa kuanguka mlimani. Mfupa wa paja au wa muundi ukiungana kwa kupinda, kidonda hupona, lakini goti huendelea kuliwa.

Basi shika mambo haya:

1. Usikande wala usivutevute mguu uliovunjika. Ufunge kwa vijiti vinavyopita kiungo cha juu na cha chini.

2. Mchukue mgonjwa hospitali upesi kwa kipoyi. Mfupa wa siku chache hunyoshwa. Ulioungana vibaya hukatwa upya. Wengine hupelekwa Goma, kwenye Hospitali ya CBCA Ndosho, ambako Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilianza kusaidia upasuaji mwaka 2012.

3. Mgonjwa akitundikiwa uzito wa kuvuta mguu, usiuondoe kwa huruma, hata usiku mmoja. Uzito huo ndio unaoulinda mstari.

Wiki za kulala kitandani ni ndefu, lakini miaka ya kuchechemea ni mirefu zaidi.