Arifa mamia, hitilafu moja

Mvua ya mawe ikishuka juu ya mashamba ya chai ya Kericho na Bomet, mara nyingi stima hupotea. Muda si mrefu, skrini za wanaosimamia mitandao ya mawasiliano kule Nairobi hujaa wekundu: umeme umekatika, betri inashuka, kiungo kimepotea, mnara hauonekani. Arifa zaweza kufika mamia, na chanzo kikawa kimoja.

Kukijua chanzo hicho mapema ni pesa. Gari la fundi likipandishwa kilima ambacho mnara wake hauna kasoro, mafuta yameteketea bure, huku wakala wa M-Pesa sokoni Litein amekalia floti asiyoweza kuiuza kwa kukosa mtandao.

Programu za kuunganisha arifa hutazama saa na ramani ya mtandao. Arifa zilizoingia karibu wakati mmoja, kutoka minara inayotegemea kiungo kimoja, hufungwa pamoja na kuhesabiwa tukio moja. Tatizo ni kwamba saa hudanganya. Stima ikikatika saa mbili usiku, mnara wenye betri mpya huenda ukafika alfajiri; wenye betri zilizochoka haufiki saa nne. Programu iliyopangiwa kulinganisha dakika tano tu itahesabu hitilafu kadhaa, kumbe ni mti mmoja ulioangukia waya wa Kenya Power. Usiku wa 25 Agosti 2023, giza lilipotanda karibu nchi nzima, angalau hapo hakuna aliyehitaji programu ili kukijua chanzo.

Faiba ya majumbani ina ujanja wake. Visanduku vingi vya wateja vikikosa umeme hutuma ujumbe wa mwisho kabla ya kuzima. Mtaa ukiaga hivyo, ulizeni stima. Ukinyamaza ghafla bila kuaga, tafuteni palipochimbwa faiba ikakatwa.

Kuna pia chanzo kilicho mbali kabisa. Mnamo 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Afrika Mashariki. Fundi wa Kericho angepanda minara yake yote asikute kitu.

Nionavyo, kampuni hukimbilia kununua programu kabla ya kumlipa mtu wa kutunza ile ramani ambayo programu huitegemea. Fundi akihamisha kiungo cha Kapkatet usiku ili kuwaokoa wateja, kisha asiandike popote, hitilafu ijayo itatafutwa kwenye njia ya zamani.