Kikombe Kimoja, Upande Mmoja wa Santuri

Katika mkahawa wa Lion, mtaa wa Shibuya jijini Tokyo, viti vyote vimeelekea upande mmoja: kwenye spika za mbao zinazokaribia dari. Mhudumu huja taratibu, huchukua oda ya kahawa, huondoka. Jina la mtunzi na la kazi yake hutangazwa kwa kipaza sauti, kisha muziki wa kale wa Ulaya huanza. Kuongea ni marufuku, kupiga picha vilevile. Mkahawa huo ulifunguliwa 1926, ukateketea kwa mabomu ya vita, ukajengwa upya 1950.

Ndugu zake, mikahawa ya jazz, ilistawi kwa sababu ya ukata. Baada ya vita, santuri ya kutoka Marekani ilikuwa haishikiki kwa mwanafunzi wa Kijapani, sembuse mtambo wa kuipigia. Kwa bei ya kikombe kimoja alikaa saa nzima na zaidi, akisikiliza upande wa santuri mpaka mwisho, dakika 20 hivi, jalada likiwa limesimamishwa mahali pa kuonekana. Aliyetaka santuri fulani alimwomba mwenye mkahawa, ambaye wote humwita Masta, akangoja zamu yake. Mpiga piano Toshiko Akiyoshi alikuwa mmoja wa waliohudhuria Chigusa, mkahawa wa Yokohama ulioanza 1933.

Ladha ya sauti ya wasikilizaji wa Kijapani imelelewa mikahawani humo, wala haina habari na besi ya kutikisa vioo. Wanachotafuta ni mwanamuziki awepo chumbani: brashi ikipita juu ya ngozi ya ngoma usikie nyaya zake zikikwaruza, matuazi yafifie polepole bila kukatika, mpuliza saksafoni umsikie akivuta pumzi. Kule Ichinoseki, Shoji Sugawara, naye mpiga ngoma, alifungua mkahawa wa Basie mwaka 1970 ndani ya ghala kuukuu, akatumia miongo akirekebisha spika zake za JBL, kidogo kidogo.

Nguvu nyingi hazihitajiki. Amplifaya ya valvu moja ya 300B, valvu iliyobuniwa na Western Electric miaka ya 1930, hutoa wati 8 hivi. Ikiunganishwa na spika za pembe, ambazo hazina ulafi wa umeme, inajaza chumba. Ila wapo wenye mitambo nyumbani waliosimika nguzo ya umeme yao wenyewe, eti umeme wa jirani usichafue muziki. Hapo, kwa maoni yangu, wameacha kusikiliza santuri na kuanza kusikiliza waya.

Sasa mtindo huu umefika London na New York. Spika zimenunuliwa, valvu zinawaka, rafu zimejaa santuri. Sharti la kunyamaza ndilo aghalabu halikusafiri, na mlevi wa meza ya pili hupiga kelele kuishinda sauti iliyogharimu mamilioni.